Jinsi ya kuandika historia ya kijiji cha watu wa kuja: mfano wa Uvinza

Kama kwenu ni Uvinza au kijiji kingine Kigoma kilichokua kwa sababu ya kazi, usimwendee mzee ukamwambia "tupe historia", atakutajia machifu wawili watatu mnaishia hapo. Msalimie, kaa, kisha anza na chumvi. Muulize babu yake alitokea wapi na alifuata nini, hapo ndo maneno yanafunguka, maana pale mto Ruchugi unapokutana na mto Malagarasi watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kabla ya Mjerumani, kabla ya reli, kabla ya kampuni yoyote. Waha, Warundi, Wanyamwezi walikuwa wanakuja kiangazi, wanachemsha kwenye vyungu, mtawala wa Kivinza anachukua sehemu yake, afu masika yakianza wanaondoka sababu mto unajaa na kufunika chemchemi.

Kwa hiyo maswali yawe ya kazi. Vyungu vilitoka wapi, kuni nani alikata na msitu uliishia wapi, mzigo ulibebwa hadi Ujiji au Tabora, baadaye kwenye kiwanda cha chumvi nani alipewa kazi gani na nani alipanga chumba na nani. Na jamani waulizeni akina bibi pia! Wanaume watakupa majina ya mabosi, bibi ndo anajua nani alioa wapi na ukoo upi ulikuja na upi.

Mwaka usimlazimishe mtu. Muulize ilikuwa kabla au baada ya tukio: reli ilifika Kigoma 1914, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, halafu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Rekodi kwa simu ila omba ruhusa kwanza, na familia zilizokimbia vita Burundi usizichokonoe kama hawataki.

Vigae, yaani vipande vya vyungu vya zamani, ukiviona usichimbe wala kuokota, sheria inataka kibali, piga picha na uandike ni wapi. Miaka ya 1960 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale na vigae kama hivyo vilisaidia kuonyesha kazi hii ina umri gani, ukikihamisha kimoja umeshaharibu ushahidi.

Ukimaliza kuandika rudi ukawasomee wazee kwa sauti, wakibishana andika pande zote mbili, nakala moja iachie shule ya kijiji.