Bustani ya pamoja mtaani: kubalianeni kabla ya kushika jembe

Bustani ya ujirani inaweza kuwa na udongo mzuri, jua la kutosha na bomba la maji langoni, na bado ikageuka pori msimu wa pili. Mara nyingi inayoiua si ukame wala wadudu. Ni watu watatu kujikuta wanamwagilia matuta ya watu kumi na watano, huku kila mmoja wa wale wengine akidhani zamu ni ya mwenzake. Ndiyo maana ushauri huu unaanza na mkutano kabla ya mbegu.

Katika mkutano huo, hoja ya kwanza ni ardhi. Pateni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye kiwanja, itaje muda, na ieleze mtapewa taarifa mapema kiasi gani akikihitaji. Rutuba hujengwa kwa misimu kadhaa, na inauma kuacha nyuma mboji yote mliyoifukia.

Hoja ya pili ni kanuni. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotunza misitu, malisho na mifereji ya umwagiliaji wanayoimiliki kwa pamoja. Aliona kwamba inayodumu ni ile ambayo wahusika wanajulikana, kanuni wamezitunga wenyewe, kuna wanaofuatilia, na adhabu huanza ndogo kisha huongezeka. Hayo yanafaa kabisa kwenye bustani ndogo ya mtaa. Andikeni nani ni mwanachama, anatakiwa kushiriki kazi za pamoja mara ngapi kwa mwezi, na tuta lililotelekezwa litachukuliwa hatua gani: kukumbushwa kwanza, kisha kupewa muda wa kulisafisha, kisha kukabidhiwa mwingine. Kanuni ikiwepo kabla ya kosa, jirani haoni kwamba ameonewa.

Maji yapigiwe hesabu mapema, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi hujidanganya. Mboga nyingi huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba, na zaidi jua likiwa kali. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4 ni mita za mraba 4.8. Hilo linataka lita 120 kwa wiki, sawa na ndoo sita za lita 20. Matuta kumi ni ndoo sitini kila wiki mvua isiponyesha. Nani atazibeba, na kutoka wapi? Kama jibu halipo, punguzeni idadi ya matuta. Matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 10, yatapunguza sana maji yanayopotea kwa mvuke na magugu pia. Mwagilieni asubuhi, chini kwenye shina, ili majani yasilale yakiwa yamelowa.

Kabla ya kuchimba, ulizeni wazee wa mtaa kiwanja kilikuwa nini zamani. Kama kulikuwa na gereji, jengo la zamani lililopakwa rangi, au kiko kando ya barabara kubwa, udongo unaweza kuwa na madini ya risasi. Risasi haiozi. Petroli yenye risasi kwa ajili ya magari ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021 tu, na iliyokwisha kuangukia ardhini bado ipo. Pelekeni sampuli ya udongo maabara. Majibu yakiwa mabaya, au mkiwa bado mnayasubiri, limeni kwenye matuta ya kuinuliwa yaliyojazwa udongo safi, kina cha sentimita 30 au zaidi, na chini mtandike kitambaa kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo wa chini kuchanganyika. Mboga za majani na za mizizi ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa kuwa vumbi na udongo huzishika. Hatari hii ni kubwa kuliko zote kwa watoto wadogo, na mahali pa watoto kuchezea udongo hapafai kuachwa bila kupimwa.

Upana wa mita 1.2 niliouweka kwenye hesabu una sababu: mtu anafikia katikati ya tuta kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga, na udongo usiokanyagwa hubaki laini. Njia kuu iwe na mita moja, toroli ipite na mwenye kiti cha magurudumu apite pia.

Pipa la mboji la pamoja huvutia kila kitu. Mtu ataleta mabaki ya nyama, mwingine magugu yenye mbegu, mwingine mmea uliokufa kwa ugonjwa. Wekeni kibao kinachosema nini kinaingia, na mkabidhi watu wawili kazi ya kuligeuza. Rundo likichanganywa vizuri, majani makavu mengi na mabichi kiasi, joto la ndani hupita nyuzi 55 za selsiasi, na likigeuzwa mara kwa mara ili kila sehemu ipate joto hilo kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi hufa. Samadi mbichi msiitie kwenye tuta lenye mboga zinazokua. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna kwa mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa mengine. Ni kipimo kizuri cha kufuata popote.

Sasa magonjwa, ambako ujirani wenyewe unakuwa sehemu ya tatizo. Chukueni bakajani chelewa ya nyanya na viazi, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na unyevunyevu, mabaka yenye rangi ya kijivu-kijani yanayoonekana kama yamelowa hujitokeza kwenye majani, kisha hugeuka hudhurungi. Ukigeuza jani asubuhi yenye umande unaona utando mweupe wa ukungu upande wa chini. Mbegu za ukungu huo hupeperushwa na upepo hadi kwenye tuta la jirani, na mmea unaweza kunyauka wote ndani ya siku chache. Mwenye tuta akiwa safarini wiki mbili, bustani nzima haiwezi kumsubiri. Ninashauri kwa nguvu zote: wachagueni watu wawili wanaoyajua magonjwa, wapewe idhini ya maandishi ya kung'oa mmea mgonjwa kwenye tuta lolote, wamjulishe mwenyewe siku hiyohiyo, na mmea ufungwe kwenye mfuko utolewe nje. Usiingie kwenye mboji. Viuatilifu navyo mtu asinyunyizie peke yake kimyakimya, kwa sababu dawa inafika kwenye mchicha wa mwenzake anayevuna jioni hiyo.

Kila mwenye tuta akipanda nyanya mahali palepale kila mwaka, vimelea vya mnyauko na minyoo fundo, yaani vijiminyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, hujilimbikiza. Chorani ramani ya bustani, mwandike kila tuta lilibeba nini, na jamii ya nyanya, pilipili, biringanya na viazi isirudi pale kwa misimu mitatu. Mzunguko hausaidii sana dhidi ya ugonjwa unaoruka kwa upepo, lakini kwa vimelea vya udongoni ni kinga kubwa. Jamii ya kunde ikifuata, bakteria kwenye mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, na masalia yake yakifukiwa huirudisha kwenye udongo.

Kuhusu mavuno, mimi napendelea mchanganyiko: matuta ya watu binafsi kwa mboga za msimu, na sehemu moja ya wote kwa viungo, miti ya matunda na mazao yanayotambaa kama maboga. Asiyeweza kutunza tuta zima ashiriki ile sehemu ya wote. Hakuna anayechuma kwenye tuta la mwenzake bila kuambiwa, hata kama matunda yanaiva na kudondoka. Apigiwe simu kwanza. Na mwanachama anayehama aruhusiwe kumalizia mavuno yaliyopo, kisha alisafishe tuta, arudishe jembe na funguo, na jina lake lifutwe kwenye ramani siku hiyo ili aliye kwenye orodha ya kusubiri aanze kabla magugu hayajaota.