Ukienda Jaisalmer, lala nje ya ngome

Wewe unayepanga kwenda Jaisalmer, ule mji wa jangwani kule Rajasthan, India, nakuomba tafuta chumba nje ya ngome. Najua ndani kunavutia, lakini ngome yenyewe ni ya mwaka 1156, mawe ya mchanga juu ya kilima, na maji yanayovuja kwenye mabomba na mifereji yanalainisha msingi, sehemu za kuta zimeshaporomoka, na watu bado wanaishi humo na familia zao, so kila bafu la hoteli linazidisha tatizo. Ingia tu mchana utembee taratibu. Mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, yako humohumo, nenda asubuhi, mkanda wa ngozi uache chumbani maana hauruhusiwi.

Jioni sasa ulizia Wamanganiyar, wanamuziki wa jadi wa huko. Hawa ni Waislamu ila wanaimba hadi sifa za miungu ya Kihindu, kazi ya kurithishana baba kwa mtoto, waombe wapige kamaicha, ala yao ya nyuzi, bila spika uisikie vile inavyolia, halafu uwatunze wenyewe mkononi, sio kupitia kwa dalali. Chakula onja ker sangri, mboga ya jangwani kabisa. Safari iwe Novemba hadi Februari, Mei jua linachoma vibaya.