Namna ya Kuutunza Mpira wa Kriketi bila Kuvunja Sheria

Wakati wa masika viwanja vya Arusha hulowa, na mpira wa ngozi uliopigwa hadi ukingoni humrudia mrushaji ukiwa na tope lililoganda kwenye mshono. Hapo ndipo vijana wengi hukosea bila nia mbaya, wakilikwangua kwa kucha. Sheria ya 41, inayohusu mchezo usio wa haki, inaruhusu tope liondolewe, lakini chini ya usimamizi wa mwamuzi; hivyo mchezaji amwendee kwanza, amwonyeshe mpira, ndipo alitoe. Mpira uliolowa hukaushwa kwa kitambaa kilichokubaliwa na waamuzi, na ni busara nahodha akionyeshe kabla mchezo haujaanza.

Kung'arisha mpira ni halali, mradi muda usipotezwe. Mrushaji hupenda upande mmoja ung'ae na wa pili ubaki umeparara, kwa kuwa tofauti hiyo humsaidia kuupindisha mpira hewani. Usugue kwenye suruali, na jasho lako linaruhusiwa. Mate hayaruhusiwi tena: yalizuiwa mwaka 2020 katika mechi za kimataifa kwa sababu ya korona, kisha yakapigwa marufuku katika sheria zenyewe kuanzia Oktoba 2022. Vilevile mafuta ya mgando, ambayo wengi wetu hujipaka kwa ajili ya baridi ya asubuhi, ni kitu cha nje yakifika kwenye mpira. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuingia uwanjani.

Kuusugua mpira ardhini, au kuutupa udunde kwa makusudi ili ukwaruzike, ni kosa. Mwezi Machi 2018, mjini Cape Town, Cameron Bancroft wa Australia alinaswa na kamera akiutumia msasa. Yeye alifungiwa miezi 9, na nahodha Steve Smith na msaidizi wake David Warner miezi 12 kila mmoja. Mechi zetu nyingi hazina kamera, na kwa maoni yangu hilo humwongezea nahodha wajibu, maana wapinzani wanamtegemea yeye.

Waamuzi wakikubaliana kwamba mpira umeharibiwa isivyo halali, timu inayopiga hupewa mikimbio (alama) 5 ya adhabu na huulizwa kama inataka mpira ubadilishwe. Kwa hiyo nahodha ateue mchezaji mmoja au wawili tu wa kuung'arisha, wafanye hivyo hadharani, na kila wiketi inapoanguka, yaani mpigaji anapotolewa, mpira ukabidhiwe kwa mwamuzi aukague bila kusubiri auombe.