Olimpiki ya baridi ikija mjini unakoishi: kwa watu wa Tanga mlioko Milano

Jamani mnaoniuliza kila siku kuhusu Milano na hiyo Olimpiki ya majira ya baridi, tarehe 6 mpaka 22 Februari 2026, naandika mara moja hapa ili atakayeuliza tena nimwambie kasome. Mimi nilikuwa Torino wakati wao ndo wenyeji, mwaka 2006, nafanya usafi hotelini, saivi nipo zangu Chumbageni nauza vitenge, ila mpwa wangu yuko Milano na stori zetu kwenye simu ni hizo hizo. Kitu kimoja kiwakae kichwani kabla ya vingine vyote: michezo ni wiki mbili na ushee, kodi yako na kibali chako na kazi yako ni vya mwaka mzima, kwa iyo usikubali cha wiki mbili kikakuvurugia cha mwaka.

Nyumba kwanza. Mwenye nyumba akishasikia wageni wanakuja na euro zao anaanza kukiangalia kitanda chako kwa jicho jingine. Torino shoga yangu mmoja aliambiwa apishe mwezi wa pili tu, vyombo aweke stoo, afu mwezi wa tatu arudi, na kwa vile hakuwa na karatasi yoyote alipisha kweli akaja kulala kwangu, kurudi anakuta kodi imepanda. Dawa yake ni karatasi. Mkataba wa kupanga kule unatakiwa usajiliwe Agenzia delle Entrate, ndo TRA yao, ndani ya siku 30, na mkataba wa kawaida ni miaka 4 inaongezwa 4 mingine, ule wa muda unaanzia mwezi 1 mpaka miezi 18. Chukua wako leo angalia tarehe ya mwisho, ikiangukia Januari au Februari ujue hapo ndo atakapokubania, nenda kaongee nae mapema na mkikubaliana muandikiane. Akikwambia hama kwa mdomo usigombane nae wala usilie, mwambie niandikie barua, wengine hapo hapo wananywea mana wanajua hawana haki. Kuna chama cha wapangaji kinaitwa SUNIA, nenda na mkataba wako watakuelekeza. Na we mwenyewe usiingie tamaa ukapangisha chumba chako kwa watalii bila ruhusa, utakuwa umempa sababu ya kukutoa.

Afu wageni. Hapa ndo penye kazi kwetu sisi, mana Tanga waja leo, mtu akibisha hodi hatujui kusema hapana, na ikishasikika uko mji wenye Olimpiki kila mtoto wa shangazi anataka godoro. Mkaribishe tu, ila ujue sheria ya kule ukimlaza mgeni ambae si raia wa Ulaya, hata awe mama yako mzazi, unatakiwa utoe taarifa polisi ndani ya saa 48. Karatasi inaitwa comunicazione di ospitalità, unajaza majina yake, namba ya pasi, anuani yako, unapeleka Questura, ndo makao makuu ya polisi ya pale, au kituo cha polisi cha mtaa wako, na unahakikisha umebaki na nakala yako. Usipotoa, faini ni euro 160 mpaka 1,100 na anayelipa ni we mwenye nyumba sio mgeni. Mgeni nae viza ya kutembea, ile ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isipungue euro 30,000, hayo ayajue kabla hajakuomba hela ya nauli.

Na viza ya kutembea hairuhusu kazi hata siku moja, nasisitiza. Mtu akipita Ngamiani huko anakusanya pasi za vijana na hela eti anawapeleka wakapige kazi ya Olimpiki kwa viza ya kutembea, mkimbieni. Wale mnaowaona kwenye tivi na sare zao wanaelekeza watu ni wa kujitolea, hawana mshahara. Mwanafunzi mwenye kibali cha masomo anaruhusiwa masaa 20 kwa wiki, kwa iyo kazi za hoteli na jikoni utapata na wakati huo zipo kweli, ila uulize maswali mawili kabla ya kuvaa aproni: mkataba uko wapi, na baada ya tarehe 22 naendelea au basi. Ukiacha kazi ya kudumu kwa ajili ya hela ya wiki mbili, mwezi wa tatu tutakusikia.

Usafiri. Watu wakisikia michezo inaitwa Milano Cortina wanadhani ni sehemu moja, wapi bwana, toka Milano mpaka Cortina kwa barabara ni kama kilomita 400, mbali kuliko Tanga na Dar, na Cortina kwenyewe treni haifiki, unashukia Calalzo afu unapanda basi. Bormio, mlima mwingine wa skii, ndo nafuu kidogo, treni toka Milano Centrale mpaka Tirano kama masaa mawili na nusu, halafu basi. Kwa iyo mgeni akisema twende tukaone skii jioni tutarudi, mcheke kwa upole.

Ndani ya Milano kwenyewe michezo ni ya barafu tu, ya ukumbini. Ufunguzi ni San Siro, kwa metro, treni ya mjini, njia ya zambarau M5. Kuteleza kwa madoido na muziki ni Assago, njia ya kijani M2. Hoki iko Santa Giulia, unashuka Rogoredo kwa M3 ya njano, na nyingine iko Rho Fiera pamoja na mbio za kuteleza, M1 nyekundu. Getini kwenye metro unagonga kadi ya benki inakata yenyewe, na ukitoka gonga tena, hasa Rho mana iko nje ya kanda za mji na bei inapanda. Kama kazini kwako au chuoni unapita njia mojawapo ya hizo, kaangalie ratiba ya michezo sio kwa ajili ya kushangilia, kwa ajili ya kujua siku ipi utoke nusu saa mapema. Na kuna neno utalizoea, sciopero, mgomo, Italia treni na mabasi hugoma na hutangaza kabla. Mgomo ukiangukia siku ya kazi, treni za mikoani lazima zitembee saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 mpaka saa 3 usiku, metro ya Milano na mabasi yake mpaka saa 3 kasorobo asubuhi, na tena saa 9 mpaka saa 12 jioni. Yapige picha masaa hayo yakae kwenye simu.

Haya, baridi, ndo mnalolisubiri. Baridi ya Lushoto mwezi wa saba mnayoisimulia mkirudi, kwa Milano hiyo ni siku nzuri. Februari mchana ni nyuzi 8 au 10 hivi, usiku inakaribia sifuri na unyevu wake unaingia mifupani, milimani huko chini ya sifuri kabisa. Jaketi usinunue kule kama bado uko Tanga. Kwenye mabelo ya mitumba pale Mgandini hutoka majaketi ya skii mazuri na wateja hawayataki, nani atavaa lile jasho lote hili, kwa iyo bei unapangiwa kwa huruma. Ukilishika, zipu ipande mpaka kidevuni bila kukwama, mikono iwe na mpira au utepe wa kunata wa kubana kifundo cha mkono, afu ligeuze ndani uangalie mishono kama imezibwa na utepe, isipozibwa maji yatapita hapo hapo kwenye uzi. Viatu usinunue mitumba, soli iliyokaa miaka inaonekana nzima kabisa, siku ya kwanza kwenye maji ya theluji inabanduka yote ukiwa njiani.

Uvaaji wenyewe ni tabaka. Ya ndani inabana mwili na isiwe pamba, mana pamba ikishanyonya jasho inakaa na maji yake na ndo inakugandisha, tafuta sufu au zile za michezo. Juu yake sweta, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo na maji. Kina dada wa mabuibui, pindo lipande juu ya kifundo cha mguu, likiburuza kwenye theluji linanyonya maji mpaka magotini, we vaa tu taiti nzito ndani na soksi ndefu. Ukumbini kwenye barafu usivue jaketi kwa kudhani umeingia ndani, mle nako kuna ubaridi wake. Njia ikiwa na barafu tembea hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, baridi inamaliza chaji. Na mafuta yenu ya nazi, yatie kwenye kopo la mdomo mpana sio chupa, mana kule yanaganda yakawa mawe, utayachotaje?

Ndani ya nyumba kuna joto la mabomba, ila Milano sheria inaruhusu liwake masaa 14 kwa siku, toka 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, kwa iyo usiku wa manane linazimwa na chumba kinapoa. Ongeza blanketi. USIWASHE JIKO LA MKAA NDANI, na nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, ule moshi usioonekana hauna harufu, unaanza na kichwa kuuma na usingizi, watu wamelala hawakuamka, kule kule Italia, wahamiaji wenzetu. Mtu akilalamika kichwa kwenye chumba chenye moto fungua madirisha, toka nae nje, piga 112.

Chakula hakisumbui. Nyama ya halali ipo mitaa ya Via Padova. Unga wa ugali ni ule wao wa polenta, usichukue ulioandikwa istantanea au precotta, huo ushapikwa, utapata uji. Kuna wa njano na kuna mweupe, mweupe ni wa upande wa Veneto, ukiuona beba miwili. Na mwaka huo wa 2026 Ramadhani inaangukia kwenye tarehe 18 au 19 Februari kutegemea mwandamo, kwa iyo siku za mwisho za michezo mtakuwa na funga. Usiogope, magharibi inaingia kama saa 12 kasoro jioni, ila ukiwa kwenye treni iliyojaa mashabiki muda huo ukumbuke tende na maji kwenye begi.

Tiketi zinaanzia euro 30 na zinauzwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi tu, usizoee ya Mkwakwani ya kumtafuta mtu getini. Ila bila tiketi pia utaona mengi. Torino jioni tulikuwa tunaenda Piazza Castello, medali zinatolewa pale pale na muziki juu. Na mkifika milimani mtafuteni Mwafrika kwenye orodha. Mwaka 2006 kule Pragelato kwenye kilomita 15 za skii alikuwepo Mkenya, Philip Boit, na Mwethiopia Robel Teklemariam. Boit huyo huyo kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998 alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie kutoka Norwei akamsubiri mstarini amkumbatie. Sisi Tanzania bado hatujapeleka mtu, na Kilimanjaro tunao, haya.

Kuwapigia nyumbani, kule wako nyuma masaa mawili. Ufunguzi ukianza saa 2 usiku Milano, Tanga ni saa 4, mwambie bibi alale kwanza mchana. Baada ya tarehe 22 mji utapumua kidogo, afu kuanzia 6 mpaka 15 Machi inakuja Paralimpiki, ndo michezo ya watu wenye ulemavu, tiketi zinaanzia euro 10, hoki yao ya kukaa inachezwa hapo hapo Santa Giulia na vishindo vyake sio vya mchezo. Wenye watoto wapelekeni hiyo.