Tiara ya kubebea kamera: usikimbilie kuifunga kamera

Kwa wanaotaka picha za juu bila droni: tengenezeni rokkaku, tiara ya pembe sita ya Wajapani, inayojulikana sana kule Sanjo, mkoa wa Niigata. Haihitaji mkia, na fremu ni vijiti vitatu tu: kimoja cha wima, viwili vya kukingama. Mimi hukata upana sm 160 kwa urefu sm 200.

Kazi yenyewe iko kwenye upinde. Vijiti vya kukingama huvutwa kwa uzi mgongoni mpaka vibinuke. Sm 16 hivi kati ya uzi na kijiti, pale katikati, zinatosha kwa upepo wa kawaida. Upepo ukizidi, kaza zaidi, ukipungua, legeza. Pima pande zote mbili kwa rula, si kwa jicho. Yangu iliwahi kulalia kushoto siku nzima kwa sababu kijiti kimoja kilikuwa kigumu upande mmoja!

Halafu kamba nne za mbele zinazokutana kwenye pete, pale unapofunga kamba ya kurushia. Tiara ikikaa chini na kuvuta kama punda mkaidi, sogeza pete juu sm 1. Ikipanda hadi utosini kisha ikaanguka kifudifudi, irudishe chini. Sm 1 tu kila mara, jamani.

Irushe tupu kwanza, dakika kumi. Ikitulia ndipo utundike kamera kwenye kamba ya kurushia, mita 30 hivi chini ya tiara, si kwenye tiara yenyewe. Na vaa glavu, kamba inakata.