Namna ya kutengeneza mshumaa wa glasi wenye manukato kwa nta ya soya

Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyotiwa haidrojeni kiwandani hadi yakaganda. Huyeyuka kwa joto dogo na hushika vizuri kuta za glasi, ndiyo maana inamfaa anayejifunzia jikoni kwake. Tafuta mizani ya gramu, kipimajoto cha jikoni, sufuria mbili, tambi za pamba zenye vikalio vya bati, mafuta ya manukato ya mishumaa, na glasi nene zisizo na ufa. Glasi za jemu zinatosha kabisa. Usichoweza kukikosa ni mizani.

Hatua ya kwanza ni kupima. Weka glasi juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha tia maji hadi pale unapotaka nta iishie. Kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji, glasi iliyochukua gramu 200 za maji itachukua takriban gramu 180 za nta, na glasi tatu zitahitaji gramu 540. Manukato yawe asilimia 6 ya uzito wa nta, yaani gramu 32. Kisha kausha glasi vizuri na ubandike utambi katikati.

Kuyeyusha kunataka utulivu. Chemsha maji katika sufuria kubwa, na ndogo yenye nta iwe ndani yake, kwa sababu nta iliyowekwa moja kwa moja juu ya jiko la mkaa hupata moto usioweza kuupunguza upesi. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe. Ikifika nyuzi 75 hadi 80, ipua. Subiri ishuke hadi 70 ndipo utie manukato, ukoroge taratibu kwa dakika mbili: mwanzoni utaona nyuzinyuzi za mafuta zikijiviringisha nyuma ya kijiko, nawe endelea hadi zipotee zote. Mishumaa yangu ya kwanza niliitilia mafuta ya mchaichai nta ikiwa bado jikoni. Nyumba nzima ilinukia mchana ule, lakini mishumaa ilipowashwa haikunukia chochote, kwa kuwa harufu ilikwisha kutoka na mvuke.

Mimina kwenye nyuzi 55 hadi 60, ushikize utambi kwa vijiti viwili usiiname, na ufunge dirisha, maana upepo wa ziwani hupoza upande mmoja kabla ya mwingine. Kesho yake funika glasi na uziache wiki mbili. Najua kusubiri ni kugumu, lakini harufu hukolea katika siku hizo. Kabla ya kuwasha, kata utambi ubaki milimita 5.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Ujiji, na mawese hayakosekani nyumbani. Je, siwezi kuyatumia badala ya nta?

Marahaba, mwanangu. Mawese ya kupikia hayafai, kwa sababu hulainika kwa joto letu la kawaida la mchana na hayawezi kuushika utambi. Ipo nta ya michikichi, lakini nayo hugandishwa kiwandani kama ya soya.

Mwalimu, manukato ya mishumaa sijayapata. Naweza kutia marashi ya kujipulizia?

Hapana, dada yangu. Marashi hayo yana spiriti, ambayo haichanganyiki na nta na hushika moto kwa urahisi. Mafuta halisi ya karafuu yanafaa zaidi, mradi uyapime kwa gramu.

Mshumaa wangu unachimba shimo katikati, na nta ya pembeni inabaki nzima. Nimekosea wapi?

Huenda uliuzima mapema siku ya kwanza. Uwashe hadi uso wote uyeyuke kufikia kingo, takriban saa tatu kwa glasi ya sentimita 7, bila kuzidisha saa nne. Kama bado unachimba, utambi ni mwembamba kwa glasi hiyo. Tengeneza mwingine kwa utambi mnene zaidi, mmoja tu wa majaribio, kabla ya kumimina glasi nyingine.