Kabla Beji Haijapotea Comic-Con

Ukishapata beji, yaani kadi ya kuingilia, ya Comic-Con ya San Diego, kongamano kubwa la mashabiki wa katuni na filamu huko Marekani, kazi ngumu umeimaliza. Huuzwa mtandaoni kwa waliojisajili mapema tu, na huisha upesi. Kinachobaki ni kuilinda kadi moja kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, kwenye umati wa watu zaidi ya 130,000.

Anza na jina. Beji imeandikwa jina la mwenyewe na hairuhusiwi kupewa mtu mwingine. Tangu 2016 ina chipu ndani yake, nawe unaigusisha langoni ukiingia na ukitoka. Beji yenye chipu huweza kuzimwa kwenye mfumo, ila lazima ijulikane ilikuwa ya nani. Ndiyo sababu beji ya kununua mkononi, hata ikiwa halisi, mimi naiona ni pesa ya kutupa: ikipotea, utaombwa kitambulisho chenye jina lisilo lako.

Soma masharti ukiwa bado nyumbani, maana makongamano ya mashabiki hayafanani. Kuna yanayotoza ada ya beji mpya, na kuna yanayokutaka ununue upya kwa bei kamili. Nafasi zikiwa zimeisha, basi tena. Kumlilia kijana wa kujitolea dawatini hakusaidii, hana mamlaka hayo. Namba yako ya usajili na uthibitisho wa malipo viweke kwenye simu, kisha uviandike na kwenye karatasi, kwa kuwa simu nayo huibwa. Piga picha beji mbele na nyuma, ibaki kwako. Wapo wanaoiposti siku inapofika kwa posta, namba na msimbo vikionekana waziwazi. Huko ni kumrahisishia kazi tapeli.

Wizi upo, lakini beji nyingi huanguka tu. Tazama kibanio cha kamba ya shingoni: mkanda wa begi ukikipitia mara kwa mara, hulegea, na kwenye msongamano huwezi kusikia kadi ikidondoka. Pini kubwa ya nepi, ile yenye kifuniko, inatosha kuishika kamba kwenye nguo. Wanaovaa kama wahusika wa katuni ndio walio hatarini zaidi, kwani mavazi yale hayana mifuko: beji huvuliwa ili picha ipendeze, ikaachwa kando ya sinki la chooni. Shona kimfuko ndani ya joho kabla ya kufunga sanduku.

Ukifika ukumbini, uliza mapema dawati la vitu vilivyopotea liko wapi. Ikiwa umeibiwa, toa taarifa kwa walinzi papo hapo, na uombe iandikwe.

Kwa anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, kitambulisho chenyewe ni pasipoti. Usiiweke begi moja na beji.